Chombo na Somo Wake

Chombo kilichokarabatiwa kwa miaka arobaini, hata usibaki ndani yake ubao wala kamba wala kitambaa kilichokuwamo siku kiliposhushwa majini mara ya kwanza, je, ni chombo kile kile au ni kingine? Wayunani waliuliza swali hili zamani juu ya merikebu ya Theseus, shujaa wa hadithi zao, ambayo watu wa Athens waliihifadhi kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya mahali pake, naye mwandishi wao Plutarch ameeleza kwamba wanafalsafa waligawanyika, hawa wakishika kuwa imebaki ile ile, na hawa wakikana. Mimi silihesabu swali hili kuwa la kupitishia jioni, kwa sababu mwenye kulijibu juu ya chombo hana budi kulijibu juu ya mwili wake mwenyewe, na juu ya mwili atakaofufuliwa nao. Na sijui chombo kinacholiweka wazi zaidi kuliko mashua moja ndogo ya Kiingereza iliyoitwa Jester, iliyovaa tanga la Kichina.

Mwenyewe wa kwanza wa Jester alikuwa Blondie Hasler, askari wa majini wa Uingereza, ambaye mnamo Desemba 1942 aliongoza shambulio la mitumbwi dhidi ya meli zilizokuwa katika bandari ya Bordeaux, akawa mmoja wa wawili tu waliorudi salama. Mashua yake iliundwa mwaka 1953, urefu wake futi 25. Mwaka 1960 alishindana nayo kuvuka Atlantiki toka Plymouth mpaka New York, kila mtu peke yake katika chombo chake; Francis Chichester alitangulia kwa siku 40, na Hasler akawa wa pili kwa siku 48. Haja yake haikuwa kushinda kwa mbio, bali kuhakikisha kwamba mtu mmoja aweza kuongoza chombo katika bahari kuu naye amesimama katika tundu la sitaha, kamba zote zikimfikia mkononi, pasipo kutambaa nje gizani kupambana na tanga lililolowa. Ndiyo maana aliliacha tanga la kwao akachagua la Wachina.

Tanga hilo si geni kabisa kwa pwani yetu, kwa kuwa merikebu za Zheng He, jemadari wa bahari wa Uchina, zilifika huku mwanzoni mwa karne ya 15, zama zile twiga wa Malindi alipopelekwa kwa mfalme wa Uchina. Lakini halikushika mizizi, nasi tukaendelea na letu, ambalo ni kitambaa kipana kilichofungwa katika foromali na kuvutwa na demani moja, likifanya kazi kwa kuvutwa likakaza, na likianza kupasuka hupasuka lote. La Kichina limekatwa vipande kwa mapao, pengine sita, pengine saba, yanayolivuka toka ukingo hata ukingo, na mapao hayo yalikuwa ya mwanzi kwa Wachina wa kale, na huwa ya mti au ya alumini kwa waundaji wa siku hizi. Kila pao lina ugwe wake unaokwenda kukutana na nyuzi za wenzake katika demani, hivyo mzigo wa upepo hugawanywa kwa wote, asielemewe mmoja. Mlingoti wake husimama kama mnazi, hauna kamba za kuushikilia ubavuni. Hupenya sitaha, ukakazwa kwa kabari, kitako chake kikatua katika mwashiri juu ya mkuku. Na upepo ukizidi, nahodha hulegeza henza tu, mapao mawili matatu yakashuka kwa uzito wake na kulaliana, na tanga limekwisha pungua, pasipo mtu kupanda juu wala kufunga fundo.

Sasa tazama jinsi linavyotunzwa, maana humu ndimo lilimo swali letu. Pao linalosugua mlingoti hula rangi, kisha hula mti. Basi hufungwa ngozi mahali pale, na ngozi ikichakaa huvuliwa ikatiwa nyingine. Kitambaa kikipasuka, mpasuko hukoma penye pao, likashonwa bamba moja hali mengine yakiendelea na kazi. Pao likivunjika safarini hutiwa gango kama mfupa wa binadamu, na likifika pwani hubadilishwa. Mlingoti wa mti huanza kuoza pale unapopenya sitaha, kwa kuwa maji ya mvua hutuama chini ya kabari, na asiyezitoa kabari hizo akatazama hujua habari siku mlingoti unapokatika. Wako waundaji wa nyumbani, wa Ulaya na Marekani, waliotwaa nguzo za alumini za taa za barabarani wakazifanya milingoti, na vyombo vyao vikaenda mbali. Hasler mwenyewe, pamoja na mwenzake McLeod, aliyakusanya maarifa haya katika kitabu kilichotoka mwaka 1988, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ni tanga ambalo halina kipande hata kimoja kisichoweza kubadilishwa, na kila kipande hubadilika kwa siku yake, vingine vikingali mahali pake.

Mwaka 1964 Jester ilipita mikononi mwa Michael Richey, aliyevuka nayo bahari mara nyingi mpaka mwaka 1988, mawimbi yalipoishinda katika mashindano yale yale ya Atlantiki. Meli ikamwokoa yeye, na chombo kikapotea. Kisha wapenzi wake wakaunda kingine kwa vipimo vile vile na tanga la namna ile ile, na mwaka 1992 Richey akaingia nacho mashindanoni, kikiitwa Jester.

Mambo mawili haya yasichanganywe. Kabla ya 1988 palikuwa na chombo kilichobadilika kidogo kidogo, na haikupita siku ambayo hakikuwapo. Baada yake palikuwa na chombo kilichofanana na cha kwanza kwa kila kipimo, lakini kati yao pana miaka mitupu. Mwenye kusema kwamba chombo ni mbao zake atalazimika kukiri kwamba Jester ilikuwa imekwisha toweka sehemu kwa sehemu mbele ya macho ya mwenyewe, jambo ambalo hakuna baharia atakayelikubali. Na mwenye kusema kwamba chombo ni sura yake hana la kukitofautisha cha pili na cha kwanza, ingawa kimoja kimo baharini chini na kingine kinaelea. Mimi naona kilichokifanya kiwe kile kile ni kupokezana: ubao mpya ulipigiliwa katika ule wa zamani ungali mzima, pao jipya likafungwa kwa ugwe uliolijua pao lililotangulia. Mnyororo huo wa kupokezana ulikatika mwaka 1988. Chombo cha pili, basi, ni somo wa cha kwanza, kama mjukuu apewaye jina la babu yake, akapendwa kwa ajili yake, wala asiwe yeye.

Lakini jibu hili lina mwiba, na ningekuwa mwoga kama ningeuficha. Ikiwa kukatika kwa mnyororo hufanya kinachofuata kuwa somo tu, basi mwili uliokwisha kuwa udongo, ukiumbwa tena siku ya ufufuo, utakuwa somo wa maiti, na kumlipa somo kwa matendo ya mwingine si haki. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alijibu kwamba mtu si mtu kwa maada ya mwili wake, kwani sehemu zake hubadilika tangu utoto hata uzee naye akabaki yule yule. Nafsi ndiyo yeye, na Mungu aweza kuirejesha katika mwili wowote. Mwanafalsafa Ibn Rushd, katika kitabu alichomjibu nacho, alisema kilichoangamia hakirudi chenyewe, hurudi mfano wake. Kwa vyombo namwafiki Ibn Rushd bila shaka yoyote, maana chombo hakina nafsi inayongoja kando ya maji.

Kwa binadamu siridhiki naye. Wanazuoni wa Kiash'ari walifundisha kwamba sifa za vitu hazidumu nyakati mbili, bali Mungu huziumba upya kila wakati, hata uimara wa mti ulioushika mkononi sasa si ule wa punde hivi. Nilipolisoma fundisho hili nikiwa kijana nililiona la kupita kiasi. Leo naona linauondoa mwiba wangu, kwa sababu kupokezana nilikokutegemea, ubao kwa ubao, hakukuwa na nguvu yake mwenyewe hata siku moja, kulishikwa. Mwenye kuushika mnyororo pete kwa pete, hali sisi tukidhani unajishika, hapungukiwi na kitu kuushika juu ya pengo la kaburi. Fundi hana uwezo huo: akiliacha pengo, limekuwa pengo.

Nasi tumeyaona kwetu. Mtepe, uliounganishwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari na kuvaa tanga la mkeka, ulikuwa ukifumuliwa na kushonwa tena kila kamba zilipooza, hata ikafika siku hapakuwa na wa kuushona, na tulio nao sasa ni masomo yake katika makumbusho. Kwa hiyo nawaomba wenye majahazi wa Lamu, Pemba na Kilwa waubadilishe ubao uliooza mwaka huu huu, wakati ule wa ubavuni mwake ungali mzima kuupokea.