Mkono wa Nani?

Risasi ya bunduki ya kivita haitoboi tu. Ikipita mkononi huisukuma nyama pembeni kwa nguvu, huvunja mfupa vipande vipande, na vipande hivyo navyo huchana mishipa. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali niliyokuwa nauguza ilijaa majeruhi hadi barazani. Meza za upasuaji zilikuwa mbili.

Kukata mkono ni kazi ya muda mfupi. Kuuokoa ni safari: kuondoa nyama iliyokufa, kuacha kidonda wazi, kurudi siku ya nne au ya tano kukishona, kufunga vyuma vya nje vishikilie mfupa, pengine kupandikiza ngozi. Kila hatua inakula damu, dawa ya usingizi na zamu ya mtu anayesubiri mlangoni. Na mshipa mkuu wa damu ukikatika, baada ya saa 6 hivi misuli huanza kufa. Wapo waliofika baada ya kulala njiani usiku kucha.

Mkono mmoja kwa upasuaji mara nne, au watu wanne mara moja moja? Wengi wataona jibu liko wazi. Mimi naona tunahesabu kitu kisicho chenyewe. Mguu wa bandia wa bei nafuu humrudisha mtu shambani. Mkono wa bandia, wa aina tunayoweza kuupata huku, mara nyingi huishia kutundikwa ukutani. Mkono usiokunjuka kiwiko, wenye vidole viwili tu vinavyohisi, bado hushika mpini wa jembe. Upasuaji tunauhesabu kwa sababu uko mbele yetu. Miaka 40 ya kuishi na kigutu haimo kwenye orodha ya zamu.

Lakini anayevuja damu tumboni hana hata kesho asipopata meza usiku huu. Kwa ajili yake nakubali mkono usubiri, hata ukifa. Ninachokataa ni kumwambia mwenye mkono kwamba haikuwezekana. Haikuwezekana hapa, usiku ule; hilo ni jambo jingine.

Mama mmoja muuza mboga aliuliza, “Docta, ningekuwa Nairobi, mngeukata?”

Daktari akasema, “Pengine hapana, mama.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akaomba apewe mkono wake, ndugu zake wakauzike.