MCHEZAJI NA MNAFIKI

Liko neno katika Agano Jipya ambalo kila mtu aliyepata kula mshahara wa kuigiza hana budi kulitazama. Bwana wetu alipowakemea wanafiki wasalio hadharani, Injili ya Mathayo iliandika hypokrites. Nalo kwa Kiyunani ndilo jina la mchezaji, yule asimamaye mbele ya watazamaji na kusema maneno ya mtu mwingine.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hiyo. Nalikuwa kijana wa miaka 20, nimekwisha kupata kipaimara, nikaajiriwa na kikundi cha ngoma na maigizo hapa Mwanza. Jioni moja nalikuwa mlevi, jioni ya pili mwizi wa samaki. Mzee mmoja wa usharika akaniuliza mbele ya wenzake: "Kijana, wapokea fedha kwa kusema uongo, waijiaje meza ya Bwana?" Swali hilo lilinichoma, maana hakuniuliza kwa chuki.

Nalitafuta jibu muda mrefu, nikalipata penye jembe. Wasomaji wa Usukuma waijua bugobogobo: zamani vijana walilima shamba la mtu kwa kufuata ngoma, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na kazi nzito ikawa nyepesi. Sisi tuliicheza jukwaani mbele ya wageni, tukiyarusha majembe juu na kuyadaka. Mama yangu alikuja kututazama mara moja. Akaniambia, "Mwanangu, mmelima vizuri, lakini sikuona palipopandwa kitu." Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Baadaye nikatambua ya kuwa mama hakudanganyika. Alijua kwamba hakuna shamba, nasi tulijua kwamba anajua. Uongo hauna nguvu ila pale mmoja anapojua na mwenzake hajui. Nabii Ezekieli aliagizwa achore mji juu ya tofali na kuuzingira kama vitani, na hakuna amwitaye mwongo. Hata Luther, katika dibaji yake ya kitabu cha Yudithi mwaka 1534, hakuona haya kudhani kwamba huenda kilikuwa mchezo wa kuigizwa, wenye mafundisho mema.

Kwa hiyo naliona mzee amekosea, nikatulia. Walakini nalitulia upesi mno.

Maana mchezaji ana bwana mwingine, nayo ni macho ya watu. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, ambayo mpaka leo huchezwa Bujora katika sikukuu ya Bulabo mwezi wa Juni, pande mbili hucheza wakati mmoja, na watazamaji hukimbilia upande uwapendezao. Kundi lililovuta watu wengi ndilo limeshinda. Ndiyo sababu wengine wametafuta hata dawa za mvuto. Mimi sikutumia dawa, lakini nalijifunza hesabu ile ile. Kabla ya mwezi wa tatu kwisha naliweza kutambua, hata nikiwa nimewapa watu kisogo, macho yao yanapoanza kuniacha, na ni sauti gani itakayoyarudisha. Kiongozi wetu alinisifu kwa hayo. (Mshahara ulichelewa mara nyingi, sifa haikuchelewa hata siku moja.)

Jumapili moja nikatakiwa kuongoza sala ya kanisa. Katikati ya kuwaombea wagonjwa nikasikia sauti yangu ikishuka polepole kwa namna ile niliyoijua. Nikanyamaza kidogo, nikangoja, hata nikasikia mama mmoja akilia kwa kwikwi. Nikafurahi, wala si kwa ajili ya wagonjwa.

Jukwaani kila mtu alijua kwamba mimi si mlevi. Pale mbele ya madhabahu hakuna aliyejua ila mimi.

Nikamwendea mchungaji, nikamweleza, nikitumaini ataniamuru niache kazi, maana hilo lingalikuwa jepesi. Hakuniamuru. Alisema kuigiza ni kazi kama useremala, nayo yaweza kutendwa mbele za Mungu. Bali akanitaka niwe msomaji wa Neno katika ibada ya alfajiri, ambako huja wazee 4 au 5 tu, na mmoja wao haoni, na mwingine husinzia. Nalisoma huko mwaka mzima. Majuma ya kwanza nalikuwa nikimtazama yule asinziaye, nikijaribu kumwamsha.