Jina la Duka ni Mali ya Nani?

Kila mwaka wa Hijria unapotimia, sheria ya zaka humuuliza mfanyabiashara Mwislamu, awe sokoni Arua au Koboko, Uganda, karibu na mpaka wa Oraba wa kuingia Sudan Kusini: mali yako ina thamani gani leo? Haimuulizi alinunua kwa bei gani. Inataka bei ya siku. Huhesabu bidhaa, fedha taslimu na madeni anayotumaini kulipwa, na jumla ikifika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, hutoa asilimia 2.5. Rafu na mizani havihesabiwi. Halihesabiwi pia jina lake, wala imani ya tajiri wa Kampala anayempa mzigo kwa mali kauli, yaani alipe baada ya kuuza. Mtu anaweza kudhani mafakihi walisahau utajiri mkubwa kuliko wote. Mimi naona waliuacha kwa haki: jina la mfanyabiashara limo vifuani mwa watu wengine, naye hawezi kulitolea zaka kama anavyotoa kwa magunia yake.

Ushahidi tunao nyumbani. Agosti 1972 Idi Amin, ambaye asili ya ukoo wake ni Koboko, aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na maduka yao yakagawiwa wengine, wakiwamo wanajeshi wengi. Husimuliwa hadi leo kwamba wenye maduka wapya walipoulizwa bei ya shati walisoma namba ya kola. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi, lakini yaliyofuata hayana shaka: bidhaa ziliuzwa zikaisha, na rafu hazikujaa tena, kwa sababu waliokuwa wakiaminiwa na wauzaji wa jumla walikwisha kuondoka. Majengo, kaunta na akiba ya ghalani vyote vilikabidhiwa. Kilichokosekana hakikuwa na ufunguo wa kukabidhi.

Ikiwa sehemu kubwa ya thamani imo kwa watu, basi mwenye duka akijifungia na daftari lake usiku atapata nusu ya jibu, na mara nyingi ile nusu inayompendeza. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo shirika la CARE lilianza kuvieneza West Nile mwaka 1998, vimelielewa hili. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na mtunza sanduku si mmoja wao. Hufunguliwa kikaoni tu. Salio la kikao kilichopita hutajwa kwa sauti, noti huhesabiwa mbele ya wote, na aliyechelewa hutozwa faini. Kikao hicho kina tija kwa maana moja tu: kila mmoja hurudi nyumbani akiijua namba ambayo hakuna awezaye kuibadilisha peke yake. Vikao vingi vya ofisini, pamoja na soda zake, havifiki hapo.

Kuna pingamizi lenye uzito: anayeanika hesabu huita wezi, ndugu wa kukopa na mtoza kodi, tena kikaoni mwenye sauti kubwa ndiye hupanga bei. Ni kweli, na Sura ya Shura inayosifu kushauriana haisemi umma wote uitwe. Wanatosha wachache wenye chao ndani: mbia, mdai, mdaiwa. Kwa mfano, Desemba 2015 Sudan Kusini ilipoiachia pauni yake ipangiwe bei na soko, bei rasmi ya dola iliruka kutoka karibu pauni 3 hadi zaidi ya 18, jambo ambalo wabadilisha fedha wa mtaani walikuwa wakiliishi tayari. Kabla ya hapo, aliyepima madeni yake ya ng'ambo ya Oraba kwa bei rasmi alijiona tajiri. Mazungumzo mafupi na wadaiwa wake yangemwambia mengine.

Kwa hiyo anayeuza duka anaweza kudai bei ya jina, lakini kwa sharti. Awaite wanaompa mzigo na wateja wake wakubwa, mnunuzi akiwapo, waseme kama watamkopesha na kumnunulia huyu mpya. Wakikubali, jina lina bei. Wakinyamaza, mnunuzi alipe bidhaa, fedha na madeni yanayolipika, kama mafakihi walivyohesabu.