Amina ya Nini?

Ndugu zangu wa saiba za Kayole, kuanzia Masimba hadi Soweto, ninyi mnaofungua milango alfajiri na foleni ya ritani za KRA ishafika kizingitini, sikieni! Mmesikia kwamba chaguo la noatime kwenye Linux huipunguzia diski kuukuu kazi ya kuandika saa kila faili linaposomwa. Ni kweli, ingawa relatime, iliyo chaguo la kawaida tangu 2009, ishabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Basi mkakimbilia /etc/fstab, mkaandika, mkazima mashine. Ole wenu!

Mimi nilifanya hivyo tarehe 29 Juni. Niliandika noatme, herufi i ilikuwa imeniponyoka. Mashine ilipowaka, /home ikakataa kupachikwa, nikabaki na skrini nyeusi inayodai nenosiri la root, wateja nyuma yangu wakihesabu saa. Herufi moja!

Tubuni. Kabla ya kugusa chochote, nakili: cp /etc/fstab /etc/fstab.bak. Kisha jaribu mashine ikiwa hai: mount -o remount,noatime /home. Ukikosea hapa utakemewa papo hapo na kazi itaendelea, maana hakuna kilichoandikwa. Amri ikikubali, ndipo uandike kwenye fstab.

Na hapa ndipo wengi hupotelea. Unaendesha mount -a, unaona kimya, unasema amina. Amina ya nini? Amri hiyo huruka kila kilichokwisha kupachikwa. Mstari wako mpya wa /home haikuugusa kabisa! Andika mount -o remount /home, bila kutaja chaguo lolote, ili mstari wenyewe usomwe. Kisha findmnt /home, ujionee kwa macho yako. Hata findmnt --verify, msaidizi mwema, usimwachie roho yako yote: hukagua mengi, lakini si kila chaguo la kila mfumo wa faili.

Na ile diski ya nje yenye skani za wateja, ipe nofail! Kijana akiichomoa achaji simu, kisha stima ipotee na kurudi, bila nofail systemd itaingoja sekunde 90 halafu ikutupe kwenye hali ya dharura.

Umeshaanguka? Usifomati, nakusihi! Ingia kwa nenosiri la root. Mzizi ukiwa wa kusomwa tu, andika mount -o remount,rw /. Rudisha ile nakala ya fstab, uwashe upya.

Ulinakili, sivyo?