Msiba usio na tanga

Mtoto akipotea Mbagala, wa kwanza kujua ni spika ya msikitini. Baada ya swala ya alasiri unasikia maikrofoni inakwaruza, halafu sauti inatangaza: kavaa fulana nyekundu na kaptura ya bluu, aliyemwona amlete nyumba ya pili kutoka kwa muuza mkaa. Tumekua na sauti hiyo. Wanawake wanatoka wakijifunga khanga, vijana wa kijiweni wanaacha bao lao, na kabla ya magharibi mtoto analetwa kashikwa mkono na mtu asiyemjua, kakutwa stendi ya Rangi Tatu akishangaa magari. Hakuna anayeuliza ni wa kabila gani, wala baba yake yuko chama gani.

Mpwa wangu alipopotea hakutangazwa msikitini, maana alikuwa na miaka 19. Alikuwa akisaidia kuuza mitumba soko la Tandika, kijana wa ndevu za kwanza, mwenye aibu ya kuitwa "mtoto" mbele za watu. Jumatatu usiku hakurudi. Dada yangu alimwekea wali na maharage kwenye hotpoti juu ya meza, akafunika na kitambaa. Kulipokucha hotpoti ilikuwa vilevile na simu ya mwanawe haipatikani. Saa nne tukawa kituoni.

Askari wa mapokezi alitusikiliza huku akiandika mambo mengine. "Mama, huyo si mtoto. Kaangalieni kwa marafiki zake, huenda ana mwanamke. Zikipita saa ishirini na nne mrudi."

"Afande," dada akamjibu kwa upole, "mwanangu hajawahi kulala nje."

Siku ile hatukupewa RB.

Kuna njia ambayo kila familia ya Dar es Salaam inaijua, ingawa hakuna aliyefundishwa. Unaanza kwa marafiki, unakwenda vituo vya polisi, kisha hospitali: Temeke, Amana, Mwananyamala, Muhimbili. Wodini ukikosa, unasimama kidogo kwenye korido, mnatazamana, na mmoja wenu anasema lile ambalo wote mmeshalifikiria. Mnakwenda mochwari. Mhudumu alipofunua shuka, dada hakutazama uso. Alitazama miguu. Mwanawe ana kovu kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, alikatwa na bati akiwa darasa la tatu. Kovu halikuwepo. Dada akashusha pumzi, kisha akaanza kulia kwa kuona haya, kwa sababu yule aliyelala pale naye ana mama yake, na yeye alikuwa amemshukuru Mungu.

Tulimpata siku ya tatu. Aligongwa na bodaboda, simu na pochi vikaibwa pale pale chini, akalazwa bila jina, mguu umefungwa hogo. Aliyemwona hakuwa mimi wala dada. Alikuwa koplo mmoja wa kike tuliyemkuta kituoni tuliporudi siku ya pili. Yeye alivuta kiti, akachukua karatasi, akaandika yote, hadi lile kovu. Jioni alipiga simu kusema hajapata kitu. Asubuhi alipiga tena: "Mama, kuna kijana wodi ya mifupa, ana kovu kama ulivyosema. Njooni mtazame."

Siku tatu tu. Bado dada yangu akisikia simu usiku anakaa kitako kitandani.

Nazikumbuka siku hizo kila nikisoma habari za Deusdedith Soka. Soka alikuwa mwenyekiti wa Bavicha, Baraza la Vijana la Chadema, wilaya ya Temeke. Tarehe 18 Agosti 2024 alitoweka pamoja na vijana wenzake wawili. Maelezo yaliyotolewa na upande wao ni kwamba walipigiwa simu kuitwa Kituo cha Polisi Chang'ombe, kwa habari ya pikipiki iliyokuwa imeibwa. Polisi walisema hawawashikilii. Mawakili wakaenda Mahakama Kuu kuomba vijana hao waletwe mbele ya mahakama. Tarehe 28 Agosti maombi yakatupwa, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba wako mikononi mwa polisi, na Jeshi la Polisi likaagizwa kuendelea kuwatafuta. Agosti 2025 ikafika. Hawajaonekana.

Sikuwepo, na sitamtuhumu mtu nisiyemjua. Lakini nauliza kama mjomba aliyewahi kutembea na dada yake mochwari: mama anapoambiwa alete ushahidi wa nani kamchukua mwanawe, ataupata wapi? Hana gari, hana wapelelezi, wala hana mamlaka ya kuiambia kampuni ya simu ifungue kumbukumbu zake. Wewe na mimi tulipanga foleni kusajili laini zetu upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na kuanzia Januari 2020 ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa. Tuliambiwa ni kwa ajili ya usalama wetu, tukakubali, tukaweka kidole. Basi kama kuna simu iliyopigwa kuwaita vijana watatu, simu hiyo ina namba, namba ina usajili, na usajili una alama ya kidole cha mtu. Kuna mnara uliopokea mawimbi yake. Haya si mambo ya mama kuyatafuta. Yapo kwenye uwezo wa serikali peke yake, na ndiyo maana serikali peke yake ndiyo inayoweza kuyajibu.

Wiki tatu hazikupita tangu vijana wale watoweke, tukasikia ya Ali Kibao. Mzee huyo, mjumbe wa sekretarieti ya Chadema, aliteremshwa na watu wenye silaha kutoka kwenye basi la Tanga pale Tegeta, jioni ya tarehe 6 Septemba 2024, abiria wakiona. Kesho yake mwili wake ukakutwa Ununio, umepigwa, uso umemwagiwa tindikali. Rais Samia Suluhu Hassan alilaani mauaji yale na kuagiza vyombo vya uchunguzi vimpelekee taarifa ya kina.

Siku chache baada ya mazishi nilikuwa kwenye kibanda cha kahawa Mtoni. Wazee wanazungumza, kashata mkononi. Mmoja akasema, taratibu kabisa: "Afadhali wale wamepata cha kuzika."

Hakuna aliyembishia. Neno lile sijaweza kulitoa kichwani. Tumefika mahali ambapo familia iliyopokea mwili wa baba yao ukiwa na tindikali usoni inaitwa yenye afadhali, na sisi tuliokuwa tumekaa pale tulielewa kwa nini. Sisi watu wa huku tunajua kufiwa. Saa moja baada ya habari, turubai limefungwa barabarani na gari zinapita pembeni bila dereva kunung'unika. Viti vya kukodi vinashushwa. Wanaume nje, wanawake ndani kwenye mikeka, na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri anakabidhiwa daftari la rambirambi. Masufuria yanatoka nyumba za jirani bila kuombwa. Siku ya tatu tanga linaanuliwa, baadaye inasomwa arobaini, na jirani Mkristo ana ibada yake na msalaba wake wa kupaka rangi. Mfiwa hapewi nafasi ya kuwa peke yake hata akiitaka.

Aliyepotelewa hana hata kimoja kati ya hivyo. Turubai ukilifunga, umemuua mwanao kwa mkono wako. Usipolifunga, huna mahali pa kuketisha watu. Wiki ya kwanza wanakuja wengi. Wiki ya pili wanapungua, kwa sababu hawajui waseme nini. "Pole na msiba" haifai, basi wanasema "pole na matatizo" na kuondoka mapema. Mwezi wa pili wapo wanaopita njia ya nyuma. Wengine wanaona aibu. Wengine, tuseme kweli, wanaogopa kuonekana wametoka nyumba ile. Mama anabaki na nguo za mwanawe ambazo hawezi kuzigawa, na chumba ambacho hawezi kukipangisha ingawa kodi yake ingemsaidia. Akicheka, anajiona msaliti. Akilia sana, anaambiwa asimkatie tamaa.

Nayo sheria ina hesabu zake. Hapa Tanzania, mtu asiposikika kwa miaka 5 kwa wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, mahakama inaweza kudhani amekufa, na hapo ndipo mambo ya mirathi na ndoa yanaweza kusogea. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alichukuliwa Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Miaka yake mitano ilitimia Novemba 2022. Kabla ya hapo, Julai 2019, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliwaambia BBC maneno yaliyoeleweka kwamba Azory alitoweka na kufa. Nchi ikashtuka. Punde ikaelezwa kwamba waziri hakueleweka vizuri. Hebu fikiria uko sebuleni kwako, wewe ndiye mkewe. Leo redio inakuambia ni marehemu, kesho inakuambia hapana, hatujui. Uvae nini?

Agosti ileile ya Soka, Chama cha Wanasheria Tanganyika kilitoa orodha ya watu 83 waliodaiwa kutoweka. Juni 2025 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walisema wanahesabu zaidi ya visa 200 nchini mwetu tangu 2019. Sitagombana na mtu juu ya namba. Mwenye kuona 83 ni nyingi mno apunguze, abakishe wale watatu wa Temeke, kisha anijibu kuhusu hao.

Kinachonisumbua zaidi ni maneno tuliyoyazoea. "Watu wasiojulikana." Tangu lini jambo lililofanywa mbele ya basi zima likawa halijulikani? "Upelelezi unaendelea." Neno hili lingekuwa la matumaini kama lingekuwa na siku ya kesho yake: umefika wapi, kapelelezwa nani, simu ipi imefuatiliwa. Likiachwa hivyo hivyo miezi kumi na miwili, mama analisikia kama mlango uliofungwa. Na polisi wetu wanaweza kazi, wakitaka. Kigamboni mwaka 2019 mwanamke alitoweka, mumewe akasema kasafiri, na upelelezi ukafuata mabaki yaliyochomwa hadi shambani Mkuranga. Kesi ikafika mwisho wake mahakamani, mwaka 2025. Kama majivu yalitoa ushahidi, simu iliyosajiliwa inashindwaje?

Huko Argentina, utawala wa kijeshi ulipokuwa ukichukua vijana, tarehe 30 Aprili 1977 wanawake 14 walikwenda kusimama kwenye uwanja ulio mbele ya ikulu, Plaza de Mayo. Baadaye wakajitanda vitambaa vyeupe kichwani, na vya mwanzo vilikuwa nepi za nguo, zile walizowavisha wana wao. Kila Alhamisi walirudi, miaka na miaka, wengine hadi uzeeni. Nikiziona picha zao namwona dada yangu na ile hotpoti. Mama wa Temeke asingepaswa kuzeekea uwanjani ili ajibiwe.

Ninachoomba si kikubwa. Kila familia iliyopotelewa ipewe ofisa mmoja mwenye jina na namba ya simu, apige kila mwisho wa mwezi, aseme tumefanya hiki, hiki hatukupata. Koplo yule alifanya hivyo akiwa na kalamu na karatasi tu. Na sisi majirani turudi kwenye nyumba hizo. Huna haja ya kuwa na la kusema. Peleka sukari kilo moja, kaa kwenye mkeka, mwambie akusimulie mwanawe alivyokuwa.

Miaka 5 ya vijana wa Temeke inatimia tarehe 18 Agosti 2029. Siku hiyo sheria itaruhusu wadhaniwe wamekufa. Wewe unayejua walikopelekwa, upo, na unazisoma habari zao kama mimi. Nenda kawaambie mama zao kabla ya siku hiyo.