Kila Kiumbe na Mlo Wake

Ongata Rongai imepakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ng'ambo ya Mto Mbagathi kuna simba. Ng'ambo hii kuna maboma ya ng'ombe na mbuzi. Simba akipata windo huweza kula kwa mkupuo mmoja hadi robo ya uzito wake, kisha akashinda siku kadhaa bila kutia kitu mdomoni. Ng'ombe asipokula kutwa, mwenyewe hakosi wasiwasi. Na wote wawili Mungu amewajalia misuli na nguvu.

Ng'ombe hunistaajabisha zaidi. Jua likitua Mmaasai humwingiza bomani, na malisho hukoma hadi asubuhi. Lakini mtazame usiku amelala: tonge linapanda shingoni, taya linakwenda upande upande, linamezwa, kimya kidogo, lingine linapanda. Hucheua saa sita hadi nane kwa siku. Katika tumbo lake kubwa wamo vijidudu, mabilioni katika kila mililita, wanaochachua nyasi na kuupa mwili nishati kidogo kidogo hata mchungaji akiwa usingizini. Malisho ya mchana yamegeuzwa kuwa mlo usiokatika. Kisha vijidudu hao nao huteremka, wakameng'enywa, wakawa protini, na nyasi kavu za Kitengela zikawa nyama. Sifa ni zake aliyeyabuni haya!

Kondoo mwekundu wa Kimaasai amepewa njia nyingine. Mvua ikinyesha hujaza mafuta mkiani na matakoni. Kiangazi kikikaza, huyatumia hayo na mkia ukanywea.

Na sisi je? Miaka ya 1960 mtafiti Clarence Cohn na wenzake, huko Marekani, walilisha panya chakula cha kiasi kilekile, wengine wakidonoa siku nzima, wengine wakipewa mara mbili tu. Wa mara mbili walipata mafuta mengi na protini kidogo mwilini. Mwaka 1964 Pavel Fábry wa Prague akaeleza kwamba wanaume wazee waliokula mara chache walielekea kuwa wanene kuliko waliokula mara nyingi. Majaribio ya baadaye, yaliyodhibiti chakula cha watu kwa makini, yalionyesha kwamba jumla ya chakula ikiwa sawa, tofauti ya mafuta karibu hutoweka. Kwa hiyo anayekula mara moja baada ya kazi asijione amelaaniwa. Jumla ya kinachoingia sahanini ndiyo yenye uzito zaidi.

Hata hivyo misuli ina jambo lake. Mafuta yana ghala chini ya ngozi na kuzunguka matumbo, tena ghala linalopanuka. Protini haina ghala la namna hiyo: mwili ukishachukua inayohitajika, inayobaki huchomwa au kugeuzwa. Ukikosa chakula muda mrefu, hukopa kwenye misuli yenyewe.

Ndiyo maana naona hekima kubwa kwa mtoto mchanga. Tumbo lake ni dogo mno, na hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku na mchana. Kwa maziwa hayo ya kidogo kidogo, kufikia miezi mitano hivi uzito aliozaliwa nao huwa umeongezeka maradufu: mifupa, misuli, ubongo, na mafuta ya mashavuni ambayo kila bibi wa Rongai hutaka kuyabana.