Paukwa bila Pakawa: Mjadala Darasani na Haja ya Mwanadamu ya Kujibiwa

Utangulizi

Makala haya yananuia kulichunguza swali ambalo kwa kawaida huachiwa wataalamu wa ualimu, ilhali kwa maoni yetu ni swali la kimaadili kabla ya kuwa swali la mbinu. Je, mwalimu wa fasihi anayezungumza peke yake tangu kengele ya kwanza hadi ya pili humnyima mwanafunzi kitu anachokistahiki kwa kuwa ni mwanadamu? Watetezi wa mjadala wamezoea kujibu kwamba mwanafunzi anayeshiriki hukumbuka zaidi na hufuzu vizuri zaidi. Hatuna haja ya kulipinga hilo. Hata hivyo, hoja ya namna hiyo bado humpima mwanafunzi kwa kile alichokihifadhi, na kwa hivyo haijatoka katika mantiki ya mhadhara inaodai kuukosoa. Sisi tutadai kwamba mjadala una thamani hata pale usipoongeza alama hata moja, kwa kuwa unaikidhi haja ya msingi ya mwanadamu, nayo ni haja ya kujibiwa.

Tutaanza na kisa kimoja, kisha tuipambanue haja hiyo, tuzipime pingamizi zinazoweza kutolewa, na mwisho tuyarudie majukumu yetu sisi tunaowaandaa walimu.

Kisa cha Keringet

Katika muhula wa pili wa mwaka 2019, mwandishi wa makala haya alikwenda kusimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili isiyo mbali na Keringet, kwenye nyanda za juu za Mau. Ni nchi ya majani chai, viazi na baridi ya asubuhi. Ni nchi pia ambayo historia yake ya karibuni haisimuliki bila kutaja moto. Machafuko ya kikabila ya mwaka 1992 yalizikumba Molo na Olenguruone. Na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo kwa mujibu wa Tume ya Waki yaliwaua watu 1,133 nchini kote, yaliitikisa Kuresoi nzima. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa na umri wa miaka 17 mwaka huo wa 2019 alikuwa na miaka mitano au sita nyumba zilipokuwa zikiteketezwa. Waliochomewa na watoto wa waliotuhumiwa kuchoma waliweza kukaa kwenye dawati moja.

Kitabu kilichokuwa kikifundishwa siku hiyo ni Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyochapishwa mwaka 2014, ambayo wakati huo ilikuwa kitabu teule cha mtihani wa KCSE. Wasomaji wetu watakumbuka kwamba mhimili wa riwaya hiyo ni msiba wa Ridhaa, ambaye jamaa zake waliteketea katika moto uliowashwa baada ya uchaguzi, na kwamba aliyeuongoza unyama huo ni Mzee Kedi, jirani yake wa miaka mingi.

Mwalimu mwanagenzi alikuwa amejiandaa barabara. Alihadhiri kwa sauti ya kusikika, akaorodhesha ubaoni maudhui ya ukabila, ya ukimbizi, ya uongozi mbaya, na chini ya kila moja akatia hoja na mfano. Wanafunzi waliinama wakanakili. Dakika chache kabla ya kipindi kwisha, msichana mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, Ridhaa angeweza kuishi tena karibu na Kedi?"

Kalamu zilisimama. Darasa zima lilimtazama mwalimu. Yeye aliitazama saa yake, akasema kwamba swali kama hilo haliwezi kutahiniwa, kisha akaendelea na maudhui yaliyofuata. Msichana aliketi, akalifunga daftari lake na hakuandika tena hadi kengele ilipolia.

Ni lazima tukiri jambo moja. Katika fomu ya tathmini tuliyoijaza alasiri ile, mwalimu huyo alipata alama za juu kwa kulidhibiti darasa na kwa kuutumia wakati vizuri. Aliyezitoa ndiye anayeandika makala haya. Hatukusudii, basi, kumlaumu kijana aliyefanya kama alivyofundishwa.

Kusema, kusikilizwa, kujibiwa

Abraham Maslow, katika makala yake ya mwaka 1943 kuhusu motisha ya binadamu, alizipanga haja za mwanadamu kwa ngazi: mwili kwanza, kisha usalama, kisha upendo na kujihisi miongoni mwa wenzake, kisha heshima, na juu kabisa kuutimiza uwezo wake. Maslow mwenyewe alitahadharisha kwamba mpangilio huo si mgumu kama unavyoonekana, lakini tahadhari hiyo husahaulika mara nyingi. Walimu wengi husema kwamba mtoto mwenye njaa au hofu hahitaji mjadala; ashibe kwanza na awe salama, ndipo tumwombe maoni. Swali la msichana wa Keringet linaipinga fikra hiyo waziwazi. Aliuliza kama watu wawili wanaweza kuishi tena jirani. Hilo ni swali la usalama, lakini lilikuja kwa sura ya uhakiki wa fasihi. Usalama wa majirani waliowahi kuumizana hauletwi na askari na nyua peke yake. Sehemu yake hujengwa kwa maneno, na mtu hawezi kuyajenga maneno hayo peke yake.

Paulo Freire aliishutumu elimu inayomfanya mwanafunzi kuwa kama benki, mwalimu akiweka na mwanafunzi akihifadhi. Julius Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zimkuze kijana mwenye udadisi, anayejiamini kuwa mtu huru na sawa na wenzake, anayewathamini na kuthaminiwa nao. Tunakubaliana na wote wawili. Hata hivyo, wafuasi wao mara nyingi wameuelewa wito huo kuwa ni wito wa kumwachia mwanafunzi aseme. Kusema hakutoshi. Darasa ambamo kila mmoja hutoa maoni yake kwa zamu, mwalimu akasema "vizuri" na kupita kwa mwingine, ni mihadhara mifupi hamsini badala ya mmoja mrefu. Kusikilizwa nako hakutoshi, kwani hata hakimu humsikiliza mshtakiwa hali amekwisha kuamua. Kujibiwa ni kitu kingine. Anayejibiwa huona kwamba neno lake limefika kwa mwenzake na limemlazimu afikiri, akubali, akatae au akiri kwamba hajui.

Fasihi yetu imelijua jambo hili kabla ya Maslow na Freire. Mtambaji asemapo "Paukwa!" na asipate "Pakawa!", hana idhini ya kuendelea. Kitendawili kisichopata "Tega!" hakijawa kitendawili, hata kama mtegaji anacho moyoni. Malumbano ya washairi wa pwani tangu zama za Muyaka bin Haji, na baadaye majibizano katika kurasa za mashairi za magazeti, yalisimama juu ya kanuni kwamba shairi ni neno linalongoja neno lingine. Wakipsigis wa nyanda hizo za Keringet walikuwa na kokwet, baraza ya ujirani ambamo mashauri ya majirani yalizungumzwa hadi mwafaka upatikane. Tusiyapambe mno mambo ya kale: katika mabaraza mengi ya namna hii, barani na pwani, wanawake na vijana hawakuwa na usemi sawa na wazee wanaume. Lakini kanuni yenyewe ni bora kuliko walioitumia, nayo ni kwamba neno halijakamilika mpaka lipate jibu. Inashangaza kwamba fasihi hii ya majibizano ndiyo tunayoifundisha kwa kuhadhiri.

Pingamizi tatu

Pingamizi ya kwanza ni ya wakati na mtihani. Kipindi ni dakika 40, darasa lina wanafunzi hamsini au zaidi, na karatasi ya fasihi hutuza hoja zilizohesabiwa. Pingamizi hii ina uzito, na anayeipuuza hajafundisha katika shule za kwetu. Lakini haikumlazimu mwalimu yule kunyamaza. Dakika tano zingetosha kwa wanafunzi watatu kumjibu mwenzao. Kilichokosekana ni imani kwamba swali lake ni sehemu ya somo.

Pingamizi ya pili ni kwamba mhadhara nao una hadhi yake. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama anasimama barazani siku sita akizungumza karibu peke yake, na ni nani atakayethubutu kusema kwamba maneno yake hayafundishi? Tunakubali. Lakini hebu tukitazame kile anachokisimulia. Anasimulia habari za wajumbe waliosafiri mbali wakarudi na mawazo ya kuifaa nchi, wakatiwa gerezani badala ya kujibiwa. Hotuba ndefu ya Karama ni dai la jibu kwa niaba ya walionyimwa, na inafikia kilele chake baraza linapolazimika hatimaye kujibu. Mhadhara unaoliandaa jibu si adui wa mjadala. Tunaoukataa ni ule unaochukulia kwamba hakuna wa kumjibu msemaji.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito zaidi: mjadala unaweza kujeruhi. Mahali kama Keringet, kulifungua swali la Kedi ni kukaribisha kilio, matusi, au jina la baba wa mtu. Pengine mwalimu yule alilikwepa swali kwa hekima tusiyoiona. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na si kila mshindo mwalimu wa miaka 22 anaweza kuustahimili.

Hapa ndipo somo la fasihi linapotofautiana na masomo mengine, na ndipo hoja yetu inapokita. Riwaya huwapa wanafunzi majina ya kuazima. Wanaposema "Ridhaa" na "Kedi", wanaweza kuyazungumza yale wasiyoweza kuyataja kwa majina ya nyumbani kwao. Msichana yule hakuuliza juu ya jirani yake. Aliuliza juu ya jirani wa Ridhaa. Alijisitiri kwa riwaya, akawasitiri na wenzake. Mwalimu anayeigeuza riwaya kuwa orodha ya maudhui huwavua stara hiyo, kwani "maudhui ya ukabila" hayamsitiri mtu yeyote.

Stara hii ina masharti yake. Kwanza, asiyetaka kusema asilazimishwe. Kunyamaza ni haki yake, mradi kimya chake kisiwe kile alichofungiwa na wengine. Pili, mwanafunzi yeyote asifanywe msemaji wa kabila lake. Tatu, mjadala unapowaka, mwalimu aurudishe kwenye matini: mwandishi amemchora vipi Kedi kabla ya moto? Ni nini katika maisha ya majirani hao kilichokuwa kimekwisha kuoza? Nne, na hili ndilo gumu, mwalimu akubali kutokuwa na jibu. Jibu la haki kwa swali lile huenda lingekuwa: "Sijui. Wewe unaonaje, na wenzako wanaonaje?" Maneno hayo yasingemaliza lolote. Yangemwonyesha tu yule msichana kwamba ameuliza swali la watu wazima mbele ya watu waliolipokea.

Hitimisho

Kenya imekwisha kuanza kuhamia mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini katika gredi za chini mwaka 2019, mwaka ule ule wa kisa chetu, nao unayataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa msingi. Ni hatua ya kupongezwa, ila neno lililo katika mtaala halimjibu mtoto. Kazi ya vikundi inayofanywa ili kujaza fomu inaweza kuwa na ububu kuliko mhadhara.

Aidha, lawama kubwa ni yetu sisi wa vyuo vikuu. Tunawahadhiria wanafunzi mia moja kuhusu Freire kwa saa mbili, kisha tunawatuma Keringet, Molo na Olenguruone wakaendeshe mijadala. Wanafundisha walivyofundishwa. Fomu yetu ya tathmini ina mahali pa kupima maswali ambayo mwalimu amewauliza wanafunzi. Haina mahali pa kupima jinsi alivyoyapokea maswali waliyomuuliza yeye. Tunapendekeza mahali hapo pawepo, japo tunajua kwamba mstari mmoja kwenye fomu si mapinduzi.

Hatujui yule msichana alifanyaje katika mtihani wake. Yamkini alifaulu, na yamkini aliyaandika maudhui yote kwa mpangilio. Tunalolijua ni kwamba siku moja, mbele ya wanafunzi wenzake na watu wazima wawili, aliuliza kama majirani waliochomeana wanaweza kuishi pamoja tena. Mmoja wa watu wazima hao aliitazama saa, na wa pili akaandika alama. Wenzake, ambao huenda walikuwa na la kumjibu, hawakuulizwa.